Daktari aliyeacha vyombo London akabeba viatu

Siku tatu kabla ya safari, dada yangu mkubwa alinipigia simu. Hakuniagiza chokoleti wala kitambaa cha buibui. Alitaka nimletee maji ya maua ya Uingereza, yale yanayouzwa kwa vichupa vya matone. Tangu shemeji afariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, huu ni mwezi wa nane dada halali usiku. Shoga yake mmoja amemwambia akitia matone manne ulimini mara nne kwa siku huzuni itamtoka, na hata zile dawa za presha anazomeza kila asubuhi hatakuwa na haja nazo tena.

Hilo la mwisho lilinikaa kooni. Nikamjibu, haya dada, nitaangalia.

Binti yangu anakaa Reading. Nilipomweleza alicheka, kisha akaniambia kwamba daktari aliyeyaanzisha maji hayo alimalizia umri wake katika kijiji kisicho mbali na hapo, Brightwell-cum-Sotwell, karibu na mji wa Wallingford na mto Thames. Akasema kuna mama mmoja huwatembeza watu mashambani upande huo na kuwaonyesha jinsi yanavyotengenezwa. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Julai tukaenda. Tulikuwa watu tisa, na mimi peke yangu ndiye niliyevaa buibui na viatu vya mjini.

Tulitembea kando ya mashamba ya ngano mpaka pahali penye nyasi ndefu. Kiongozi wetu akasimama mbele ya mmea unaoitwa agrimony, kijiti kirefu chenye maua madogo ya manjano yaliyopangana kuelekea juu. Akatoa bakuli la kioo jembamba, akalijaza maji ya chemchemi, akaliweka juani chini kabisa, pale pale penye mmea. Maua yakachumwa kwa kukingwa na jani ili vidole visiyaguse, yakaelezwa juu ya maji mpaka uso wote wa bakuli ukafunikwa. Baada ya hapo ni kungoja. Muda wa saa tatu, mbingu isiwe na wingu, na kivuli cha mtu kisianguke juu ya bakuli. Nikajiona narudi nyuma hatua mbili, na buibui langu nimelikusanya mkononi.

Saa tatu ni nyingi kwa watu tisa waliokaa kwenye blanketi. Ndipo yule mama alipotusimulia habari za Edward Bach, na mengine nikayasoma mwenyewe usiku ule.

Alizaliwa tarehe 24 Septemba 1886 huko Moseley, kiungani mwa Birmingham. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kijana alipofika miaka 16 aliacha shule akaingia kiwandani, akafanya kazi humo miaka mitatu. Wafanyakazi walikuwa wakiugua na kuficha ugonjwa, kwa kuwa siku ya kulala kitandani ni siku isiyo na mshahara. Wanaosimulia maisha yake husema hapo ndipo alipoanza kuona kwamba hofu na maradhi hutembea pamoja. Mtu wa kwetu aliyewahi kuwa na baba mchukuzi bandarini hahitaji kuelezwa zaidi.

Akasoma udaktari, akahitimu London mwaka 1912 katika hospitali ya University College. Akawa mtaalamu wa bakteria na chanjo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza hakukubaliwa kwenda mstari wa mbele kwa sababu ya afya yake, akapewa kusimamia vitanda zaidi ya 400 vya majeruhi. Mwaka 1917 ulimvunja. Mwezi wa Aprili mkewe alifariki kwa dondakoo. Mwezi wa Julai yeye mwenyewe alianguka akitokwa na damu, akapasuliwa, na alipozinduka akaambiwa kwamba huenda amebakiwa na miezi mitatu tu ya kuishi.

Alichofanya ni kurudi maabara. Alifanya kazi usiku na mchana, taa ya chumba chake haizimwi, na miezi mitatu ikapita bila ya yeye kufa. Mwenyewe aliamini kwamba kuwa na jambo la kulitimiza ndiko kulikomponya. Mimi naamini siku zake zilikuwa hazijafika, na kwamba wale waliompasua nao walijua kazi yao. Lakini namwelewa. Mtu aliyetoka mlango wa kaburi hutafuta maana ya kutoka kwake.

Mwaka 1919 aliingia hospitali ya tiba ya homiopathi ya London. Huko alitengeneza dawa saba kutokana na bakteria wa matumbo, akapata jina, akawa na chumba cha kutibia katika mtaa wa Harley Street wenye madaktari wa matajiri. Ila moyo wake ulikuwa umechoka na sindano na vijidudu. Mwaka 1928 alikwenda Wales akarudi na maua ya aina mbili kutoka ukingo wa mto, akayatumia badala ya bakteria. Mwaka 1930, akiwa na miaka 43, alifunga kazi yake yote London akaondoka.

Hapa pana kisa nilichokipenda kuliko vyote. Husimuliwa kwamba alipofika Wales akafungua mizigo, akakuta ameacha London mkoba wa vyombo vya utabibu na badala yake amebeba mkoba uliojaa viatu. Hakurudi kuvifuata. Akavaa viatu akaanza kutembea.

Alitembea miaka. Alfajiri moja aliona umande juu ya maua, akafikiri kwamba umande uliopigwa na jua lazima umebeba nguvu ya ua lenyewe. Akawa anaukusanya kwa vichupa. Lakini umande hautoshi kutibu mji, ndipo akabuni njia ya bakuli la kioo na jua, ile ile tuliyokuwa tumeizunguka. Baadaye, mwaka 1935, aliongeza njia ya pili ya kuchemsha vitawi na maua nusu saa, kwa ajili ya miti inayochanua jua likiwa bado dhaifu. Mwishowe dawa zake zikawa 38, kila moja kwa hali ya moyo: hofu, wasiwasi, majuto, uchovu, mshtuko wa msiba. Hakuuliza mgonjwa anaumwa wapi, aliuliza moyo wake u hali gani.

Miaka hiyo alikaa sana Cromer, mji wa wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza. Aliwatibu wavuvi bila ya malipo. Mwaka 1933 jahazi moja la mizigo lilikwama baharini hapo katika dhoruba, mabaharia wawili wakakaa saa nyingi juu ya mlingoti katika baridi ya Disemba mpaka mashua ya uokoaji ikawafikia. Husemwa kwamba Bach aliingia majini kuipokea mashua, akampaka mmoja wao midomo kwa matone ya maua huku anabebwa kwenda nchi kavu. Mseto ule, alipouongeza ukafika maua matano, ndio unaouzwa zaidi kuliko yote mpaka leo. Niliposikia hayo niliwaona watu wetu wa Lamu na Kizingitini, jamaa wamesimama ufukweni wanangoja mashua iliyochelewa. Wangemkaribisha mtu wa namna hiyo, mwenye dawa au asiye nayo.

Baraza la madaktari la nchi yake halikumkaribisha. Lilimwandikia kumwonya mwaka 1932 kwa kutangaza dawa zake magazetini, na tena mwaka 1936 kwa kutumia wasaidizi wasiosomea udaktari. Hakuyumba. Mwaka 1934 alihamia kijijini Sotwell katika nyumba ndogo iitwayo Mount Vernon, akatengeneza kwa mikono yake meza na viti vilivyomo. Mwaka uliofuata, katika miezi michache tu, alipata maua 19 ya mwisho, na walioishi naye walieleza kwamba kabla ya kupata kila ua aliipitia mwenyewe dhiki linaloitibu, hata mwili ukaisha. Alifariki usingizini tarehe 27 Novemba 1936, umri wake miaka 50.

Wingu lilikuja mara moja tu, dogo. Kiongozi akaliangalia kwa hasira kama mtu anayemwangalia mbuzi karibu na mchicha wake, likapita. Saa tatu zilipotimia akayaondoa maua kwa kijiti cha mmea ule ule. Yaliyobaki bakulini ni maji. Niliyanusa, sikupata harufu.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kucheka. Bibi yangu alikuwa akitia asumini katika mtungi wa maji ya kunywa. Msibani tumenyunyiziwa marashi kwa mrashi, na wangapi kati yetu tumekunywa kombe, zafarani iliyosuzwa kwa maji ya waridi kutoka sahani nyeupe? Kunywa maji yaliyobeba kitu kisichoonekana tumekuzoea toka utotoni. Lakini bibi hakudai kwamba asumini inashusha presha, na mwalimu aliyeniandikia kombe nilipokuwa mtoto ndiye aliyemwambia mama anipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha kiongozi wetu akatoa chupa ya brandi. Nusu maji, nusu brandi, yasioze. Hivyo ndivyo Bach alivyofanya, na hiyo ndiyo dawa mama: matone mawili yake hutiwa katika kichupa kingine cha brandi, na kutoka hapo ndipo mgonjwa anapopata matone yake manne. Binti yangu akaniangalia. Nikamuuliza yule mama, kwa adabu, kama naweza kupewa ya maji matupu. Akasema yatakaa siku chache tu, na kwamba siku hizi wapo wanaotumia glisarini badala ya pombe. Alikuwa mtu mwema, wala hakutuficha alipoulizwa na mzee mmoja kama sayansi imeyathibitisha. Alisema yeye huyatumia na humpa utulivu. Nilipotafuta mwenyewe nikakuta tathmini ya majaribio iliyochapishwa mwaka 2010, iliyoona kwamba maji haya hayakushinda maji yasiyo na kitu.

Nikarudi Mombasa mikono mitupu, na hofu yangu ilikuwa ni kumwambia dada. Nikamkuta barazani baada ya Alasiri. Alinitazama mkoba kwanza, kisha uso. Nikamwambia kwamba yamo pombe, akasema astaghfirullah, lakini niliona hilo halikumtosha, maana glisarini naye amekwisha kuisikia kutoka kwa shoga yake. Basi nikamhadithia yote toka mwanzo, kiwanda cha shaba, vitanda 400, mkoba wa viatu. Kwenye viatu alicheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu shemeji atangulie.

Halafu akaniuliza juu ya yule mke aliyekufa kwa dondakoo. Bach alilala vipi baada yake? Nikamwambia mwaka ule ule alioa tena, naye akaguna kama wagunavyo wajane wote. Tukanyamaza kidogo. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu, kwamba dawa za presha amekwisha kuziacha, wiki mbili sasa, alikuwa akingoja maji yafike.

Sikumkaripia. Niliingia ndani nikazitafuta, nikazikuta nyuma ya chupa ya marashi, nikamletea kimoja na gilasi ya maji. Alikimeza akiwa ananitazama. Jumanne tunakwenda kliniki kupima, na nimemwambia mwanawe wa pili kwamba daktari aambiwe pia habari ya usingizi na ya kilio cha usiku. Dada mwenyewe ameshika shauri moja tu: twende kwa miguu.