Moïse Tshombe na bendera yetu

Wafadhili wanatuuliza kila mara: wazee wenu walikwenda kufanya nini Angola? Jibu linaanza na mtu mmoja, na kuna wanachama watakaonuna tukimtaja.

Moïse Kapenda Tshombe alizaliwa Musumba mwaka 1919. Papa yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makuta, jambo la nadra kwa mtu mweusi wakati ule. Mtoto akasoma kwa wamisionari Wamethodisti, akajifunza uhasibu, akaingia biashara, ikamshinda. Siasa haikumshinda. Chama chake, CONAKAT, kilidai Katanga ni ya wenyeji, na ndugu zetu waliotoka Kasai wakaitwa wageni.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, alitangaza kwamba Katanga ni nchi. Tukapata bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, tukapata franka zetu. Lakini funguo zilikuwa kwa nani? Jeshi liliongozwa na maofisa Wabelgiji na askari wa kukodiwa. Hazina ilijazwa na Union Minière, iliyolipa kodi Élisabethville badala ya Léopoldville, na shaba ikaendelea kutoka kama zamani. Nyuma ya waziri mweusi alikaa mshauri mzungu. Kule kaskazini jandarma, vijana wetu wenyewe, walichoma vijiji vya Baluba. Januari 1961 Lumumba aliletwa kwetu, akauawa usiku uleule. Na sisi tulishangilia ile bendera, hakuna aliyetulazimisha. Mkoloni alikuwa amefungasha mizigo. Tukamfungulia mlango wa nyuma, tukamwita rafiki.

Mambo yaliishia hapa hapa Kolwezi. Tshombe alikimbilia huku Januari 1963, kukawa na vitisho vya kulipua mabwawa na mitambo, hadi askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia tarehe 21. Jandarma wengi wakavuka kwenda Angola. Yeye alikwenda Hispania, akarudi 1964 kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akafukuzwa mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ndege aliyopanda ilitekwa ikapelekwa Algeria, na huko akafa kifungoni tarehe 29 Juni 1969. Kaburi lake liko Ubelgiji.

Wenye papa au babu aliyekuwa jandarma, mje na habari zake kwenye mkutano ujao, hata zile zisizopendeza. Tunaziandika.