Kabla hujabonyeza kitufe Isiolo, mjue Luigi Broglio

Roketi yako iko mezani. Mapezi umeyabandika yakashika, parachuti umeikunja na kuikunjua mara kumi, mota ya daraja la F bado iko kwenye boksi lake. Marafiki nao hawatulii, kila siku wanakuuliza ni lini mtatoka nje ya mji wa Isiolo mkaone kitu kikiruka. Mkono unawasha, si ndio? Unataka kubonyeza kitufe leo leo.

Ebu tulia kidogo. Kuna mzee mmoja aliyepitia haraka kama hiyo yako, tena hapa hapa Kenya. Pengine umeona jina lake kwenye habari za Malindi ukapita tu. Leo usipite.

Luigi Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, Mestre, karibu na Venice nchini Italia. Alisomea uhandisi Roma, akajiunga na wahandisi wa Jeshi la Anga la nchi yake, akapanda vyeo hadi akawa jenerali. Wakati huo huo alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma, akifundisha vijana jinsi ndege inavyoundwa.

Italia ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia ikiwa imeshindwa. Pesa hazikuwa nyingi, na habari za anga za juu zilikuwa za Warusi na Wamarekani. Broglio hakuona hiyo kama sababu ya kukaa kitako. Mwaka 1961 alipeleka wazo lake kwa serikali: Italia iunde setilaiti yake, na Waitalia wenyewe wairushe kutoka baharini karibu na ikweta. Waziri Mkuu Amintore Fanfani akakubali. Mwaka uliofuata wakaelewana na shirika la NASA la Marekani, ambalo lingewapa roketi aina ya Scout na kuwafundisha kazi.

Kwa nini ikweta? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na hapa kwetu ardhi inakwenda kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayopeleka setilaiti upande wa mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa bure. Italia haina ikweta. Kenya inayo, tena ina bahari upande huo huo wa mashariki, kwa hiyo vipande vinavyoachwa njiani huanguka majini, si juu ya paa la mtu. Broglio akachagua Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Sasa shika hapa, maana ndipo penye somo lako. Huyu mtu hakurukia kurusha setilaiti Kenya. Alipanga kazi kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya roketi ndogo. Machi na Aprili 1964, kutoka jukwaa la chuma la Santa Rita lililosimamishwa baharini Ngomeni, timu yake ilirusha roketi za utafiti za Nike Apache. Hizo hupanda na kushuka tu, hazibebi setilaiti ya kubaki juu. Walichotaka ni kujua kama jukwaa, nyaya, redio na watu wenyewe wanafanya kazi pamoja.

Hatua ya pili ilikuwa kwenda kwa wanaojua. Desemba 15, 1964, Waitalia waliorushia mazoezi yao Marekani walituma setilaiti San Marco 1 kutoka Wallops Island, jimbo la Virginia. Roketi ilikuwa ya Kimarekani na uwanja wa Kimarekani, lakini mikono iliyoirusha ilikuwa ya timu ya Broglio. Ndani ya setilaiti hiyo kulikuwa na mizani aliyoibuni yeye mwenyewe ya kupima uzito wa hewa nyembamba ya juu kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo ilikuja kwetu. Aprili 26, 1967, Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, Ngomeni, na kuipeleka San Marco 2 kwenye mzunguko wake. Kutoka kuidhinishwa kwa wazo hadi siku hiyo ilikuwa karibu miaka sita. Wewe umengoja wiki ngapi?

Rudi mezani kwako basi. Roketi za mota za A, B na C ndizo Nike Apache zako. Kila herufi inayofuata inaweza kubeba nguvu mara mbili ya iliyotangulia, kwa hiyo F si kaka mdogo wa C, ni mnyama mwingine kabisa. Kama hujawahi kurusha ndogo ikashuka salama na parachuti, anza hapo. Kama kuna kikundi au walimu waliokwisha kurusha, waendee ukaone, ushike, uulize. Hiyo ndiyo Wallops yako.

Kingine: Broglio hakuwaweka watu karibu na moto. Roketi ilisimama kwenye jukwaa la San Marco, waongozaji wakakaa Santa Rita, kama nusu kilomita mbali, nyaya zikipita chini ya maji. Kwako wewe mota ya kati inataka watu wote wakae angalau mita 9 nyuma, na ukibonyeza isiwake, kata umeme kwanza kisha ungoje sekunde 60 kabla mtu yeyote hajaisogelea. Usiende mbio kuchungulia, hata kama umati unakucheka.

Scout ilitumia mafuta makavu, sawa na mota yako. Mafuta hayo yakishawaka huwezi kuyazima. Ndiyo maana mota hununuliwa ikiwa tayari, haipikwi jikoni. Kijana anayekoroga baruti nyumbani anacheza na vidole vyake na macho ya wadogo zake.

Pima uwiano pia. Weka mota ndani, tafuta sehemu ambapo roketi inakaa sawa juu ya kidole, funga kamba hapo, kisha izungushe juu ya kichwa. Ikitangulia pua, sawa. Ikitangulia mkia au ikiyumba, ongeza uzito kwenye pua, rudia.

Na ardhi yetu unaijua. Isiolo kuna uwanja wa ndege, kuna maeneo ya jeshi, kuna ng'ombe na ngamia wa watu, na nyasi kavu hushika moto upesi. Pata ruhusa ya wanaosimamia anga na ya wenye ardhi, fyeka pale utakaposimamishia roketi, nenda asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukizidi kilomita 32 kwa saa, rudini nyumbani.

Broglio alirudi Ngomeni tena na tena. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, timu yake ilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilitoa orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni. Kisha majukwaa yakanyamaza. Broglio alifariki Januari 2001 akiwa na miaka 89, na kituo cha Malindi sasa kinaitwa kwa jina lake.

Lakini hesabu vizuri: katika hizo 9, hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya. Taifa-1, setilaiti yetu ya kuangalia dunia, ilirushwa Aprili 15, 2023, kutoka California. Sisi wenye ikweta tulienda kuomba lifti mbali na ikweta. Hilo halirekebishwi na malalamiko. Linahitaji watu wanaojua kazi, na kazi hii huanza na roketi ndogo kama yako.

Kwa hiyo ikague tena leo usiku. Kiwashio, karatasi ya kukinga parachuti isiungue, fimbo ya kuiongoza ikiondoka. Andika kila kitu kwenye daftari, hata kitakachoharibika. Kisha nendeni mkahesabu kwa sauti: tano, nne, tatu, mbili, moja.