Bwana Aliyeitetea Riba

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulijua tangu utotoni kwamba riba ni haramu. Kwa hiyo namsimulia Jeremy Bentham kwa hadhari, maana mtu huyu alishika kalamu akaitetea riba waziwazi.

Alizaliwa London mwaka 1748, mwana wa wakili mwenye mali. Alipotimia miaka 12 alikuwa tayari yu Oxford. Alisomea sheria, lakini badala ya kuifanyia kazi akapendelea kuikosoa. Mwaka 1786 alimfuata nduguye, Samuel, huko Krichev katika dola ya Urusi (leo ni Belarus), na huko ndiko alikoandika barua 13 zilizopigwa chapa mwaka 1787.

Siku zile sheria ya Uingereza ilimkataza mkopeshaji kutoza zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Hata Adam Smith, bingwa wa biashara huria, aliikubali. Bentham akamwandikia yeye barua ya mwisho. Hoja yake ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye aijuaye haja yake. Serikali isimfanye mwana. Mnyonge akizuiliwa mkopo wa ghali, atauza mali yake kwa bei ya kutupa, au atamwendea mkopeshaji wa gizani, ambaye humtoza hata hofu ya kushtakiwa. Tena, mbona bei ya nguo haikuwekewa mpaka, na huko nako mjinga hulanguliwa?

Hoja hiyo ina uzito, sifichi. Kenya ilipoweka kikomo cha riba za benki mwaka 2016, Benki Kuu yenyewe iliona wafanyabiashara wadogo wakinyimwa mikopo, na mwaka 2019 kikomo kikaondolewa. Lakini naona Bentham alimwazia mkopaji kama mtu aliyetulia mezani na hesabu zake. Mama mwenye mtoto mgonjwa saa nane za usiku hapigi hesabu. Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu hata harusi yenyewe hakuiona.

Bentham alifariki mwaka 1832. (Kwa wasia wake, mifupa yake ilivishwa nguo ikaketishwa kitini, na ingali katika chuo kikuu kimoja cha London. Makubwa hayo!) Mwaka 1854 Waingereza walizifuta sheria za riba, na wakopeshaji wakatamba. Mwaka 1900 Bunge likageuka, likawapa mahakimu uwezo wa kuufungua upya mkataba wa dhuluma. Mwaka 1927 likaongeza kwamba riba ipitayo asilimia 48 kwa mwaka ihesabiwe kuwa imezidi, mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo.