DAKTARI McKAY NA SIRI YA MENO YA KAHAWIA

Wanafunzi wenzangu, hapa Kisii akija mgeni kutoka Nakuru mwenye meno ya kahawia, wengine hucheka, eti hajui mswaki. Kumbe mara nyingi ni maji aliyokunywa utotoni! Aliyehangaika na siri hiyo miaka thelathini ni daktari wa meno Mmarekani, Frederick McKay.

McKay alizaliwa mwaka wa 1874. Mwaka wa 1901 alianza kazi mjini Colorado Springs, akakuta wenyeji wengi wana madoa menoni. Sababu? Kila mtu na yake: nyama ya nguruwe, maziwa mabaya, na kadhalika. Daktari hakuridhika. Kuanzia mwaka wa 1909 alisaidiana na Dkt. G. V. Black, wakabaini kwamba madoa huwapata walioishi huko wakiwa watoto, kabla meno hayajakomaa. Black alifariki mwaka wa 1915, lakini McKay hakukata tamaa.

Mwaka wa 1923 aliitwa Oakley, jimbo la Idaho. Huko madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji moto. McKay aliyachunguza maji, asione kitu. Hata hivyo akawashauri waiache chemchemi ile. Wakakubali, na miaka michache baadaye watoto wadogo wakaota meno safi.

Mbona hakuona kitu? Kilikuwa kidogo mno, bwana! Mwaka wa 1931 mwanakemia H. V. Churchill, kwa vyombo vikali zaidi, alikipata: floridi. Maji ya Oakley yalikuwa na sehemu 6 kwa milioni. Sehemu 1 kwa milioni ni gramu 1 katika lita 1,000 za maji, yaani mapipa 5 ya lita 200. Leo Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha 1.5, na visima vingi vya Nakuru hupita hapo. Kuchemsha hakuondoi floridi.

McKay aliaga dunia mwaka wa 1959. Tujifunze kwake subira, kwani mtafutaji hachoki. Na kisima kipya kikichimbwa kijijini, tusiamini macho na ulimi tu. Maji yapimwe maabarani kabla watoto hawajayanywa, maana meno yakishaharibika, mswaki hauna dawa.