Mama Alberta King, mama pasta aliyefia kwenye kinanda

Tarehe 30 mwezi wa sita, kila Mkongomani anaijua: ni siku ya uhuru. Lakini kule Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe hiyo inakumbusha kilio. Mwaka wa 1974 iliangukia siku ya Yenga. Waumini wa kanisa la Kibatisti la Ebenezer walikuwa kwenye ibada, na mama mmoja wa miaka 69 alikuwa anapiga kinanda, sawa vile alivyozoea tangu zamani. Kijana mmoja akasimama, akatoa bunduki, akafyatua. Mama akaanguka palepale karibu na kinanda chake.

Mama huyo ni Alberta Williams King. Watu wengi wanamjua mtoto wake, Martin Luther King, aliyepigania haki za weusi wa Marekani. Mama mwenyewe hawamjui sana. Kumbe bila yeye, ile habari ya mtoto haieleweki vizuri.

Alberta alizaliwa tarehe 13 mwezi wa tisa 1904 hapo Atlanta. Papa yake, Adam Daniel Williams, alikuwa mchungaji wa Ebenezer tangu mwaka wa 1894. Alilikuta kanisa dogo sana, akalikuza. Alberta ndiye mtoto peke yake wa nyumba ile aliyekua hadi utu uzima. Basi alikulia kati ya korali, mikutano ya akina mama na wageni wasioisha mlangoni. Kila anayejua nyumba ya mchungaji anaelewa maisha hayo.

Wazazi walimsomesha. Alipita kwenye shule ya wasichana ya Spelman, kisha akaenda Hampton, katika jimbo la Virginia, akapata cheti cha ualimu mwaka wa 1924.

Wakati huo kulikuwa kijana mmoja aliyetoka kijijini, Michael King. Dada yake alikuwa anapanga chumba kwa akina Williams, na hapo ndipo njia zilipokutana. Michael alikuwa mhubiri, lakini shule alikuwa ameipata kidogo tu. Alberta, binti mwenye cheti, hakumdharau. Alimtia moyo arudi kwenye masomo, naye akarudi kukaa darasani na watoto aliowazidi umri. Baadaye alifika mpaka chuo cha Morehouse, akakimaliza mwaka wa 1930.

Walifunga ndoa tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1926. Ndoa hiyo ilimgharimu Alberta kazi yake. Kwa sheria za shule za Atlanta wakati ule, mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kufundisha. Akaacha chaki. Wakahamia katika vyumba vya juu vya nyumba ya wazazi wake, kwenye barabara ya Auburn, na huko watoto wao watatu walizaliwa: Christine mwaka wa 1927, Martin mwaka wa 1929, na Alfred Daniel, waliyemwita A.D., mwaka wa 1930.

Mwaka wa 1931 mzee Williams alifariki, na mkwe wake akashika mimbari. Mwaka uliofuata Alberta akashika kinanda na korali. Kazi hiyo aliifanya karibu miaka 40. Na wakati analea watoto watatu na kuhudumia kanisa, alirudi tena shuleni. Mwaka wa 1938 alipata diplome ya chuo kikuu cha Morris Brown.

Nyumbani, mume alikuwa mkali, mtu wa sauti kubwa na fimbo. Alberta alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Lakini upole wake haukuwa woga. Martin alipokuwa na miaka kama sita, rafiki yake mzungu aliambiwa na wazazi wake asicheze tena naye juu ya rangi. Mtoto akarudi nyumbani amechanganyikiwa. Mama akamkalisha, akamweleza habari ya utumwa, na kwa nini kulikuwa na milango ya wazungu na milango ya weusi. Hakumficha kitu. Akamwonyesha kwamba hali hiyo ilifanywa na watu, haikuumbwa na Mungu, na kwamba yeye hakupungukiwa na kitu mbele ya mtu yeyote. Wazazi wake wakamfundisha pia kwamba mkristo hana ruhusa ya kumchukia mzungu. Kwa mtoto, hilo la mwisho lilikuwa gumu kulimeza.

Mafundisho hayo mama aliyalipia mwenyewe. Mwezi wa kwanza 1956, Martin akiwa anaongoza mgomo wa basi huko Montgomery, bomu lilitupwa kwenye nyumba yake, mke na mtoto mchanga wakiwa ndani. Hawakuumia. Wazazi walitamani abaki Atlanta. Alikataa, akarudi kwenye kazi. Mwaka wa 1958 alichomwa kisu kifuani kule New York. Ni mama gani angelala usingizi? Lakini siku ya Yenga ikifika, Alberta alikuwa kwenye kinanda. Mwezi wa kumi na mbili 1964 alipata furaha yake: alikuwa Oslo, Norway, mtoto wake akipokea Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tarehe 4 mwezi wa ine 1968, Martin na A.D. walikuwa pamoja hotelini huko Memphis. Wakampigia mama simu. Walimtania, kila mmoja akijifanya ni mwenzake, wakacheka naye kwa muda mrefu. Jioni ile ile Martin akapigwa risasi, akafa. Alikuwa na miaka 39. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, mwezi wa saba 1969, A.D. alikutwa amekufa ndani ya maji ya piscine ya nyumbani kwake. Watoto wawili wa kiume, wote wachungaji, wote wamekwisha. Alberta akabaki na Christine, na wajukuu, na kanisa lake.

Ndipo ikafika ile siku ya Yenga ya mwaka wa 1974. Aliyempiga risasi hakuwa mzungu. Alikuwa kijana mweusi wa miaka 23 kutoka Ohio, aliyesema kwamba wakristo wote ni adui zake. Alimtafuta mchungaji King mwenyewe, lakini mama ndiye aliyekuwa karibu. Shemasi mmoja, Edward Boykin, aliuawa pia, na mama mwingine alijeruhiwa.

Mahakama ilimhukumu kijana huyo kifo. Lakini familia ya King haikukubali adhabu ya kifo, hata kwa mtu aliyemwaga damu ya mama yao kanisani. Baadaye hukumu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na msimamo wa familia ulichangia. Somo lile gumu ambalo Martin alilipata akiwa mtoto, la kutochukia, wenyewe wa nyumba walilishika hata siku lilipowauma zaidi.

Mama Alberta alizikwa katika makaburi ya South-View, Atlanta. Mume wake alimfuata mwaka wa 1984. Nyumba ya barabara ya Auburn ingali imesimama, na watu wanatoka mbali kuona mahali Martin alipozaliwa. Wakiingia mle, ni vizuri wajue kwamba ilikuwa kwanza nyumba ya Alberta. Aliishi humo tangu utoto wake, na humo ndimo mtoto wake alimsikia kwa mara ya kwanza akisema kwamba yeye ni mtu sawa na watu wote.