Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwanachuoni wa Hesabu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, hii ni khabari ya mtu ambaye wengi hutumia elimu yake wala hawalijui jina lake.

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alizaliwa karibu mwaka 780. Nisba yake ni ya Khwarizmu, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833. Khalifa huyo aliwapenda wanavyuoni, akamhimiza atunge kitabu kifupi cha hesabu wanazozihitaji watu katika mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi. Ndipo alipotunga kitabu chake cha Al-jabri wal-mukabala.

Kitabuni humo hamna herufi za kuhesabia wala alama. Yote ni maneno. Kisichojulikana alikiita shai, yaani kitu. Na kitu kikizidishwa kwa nafsi yake alikiita mali. Katika masuala yake limo hili: mali moja na vitu kumi, jumla yake ni dirhamu 39, je, kitu ni ngapi? Jawabu ni 3. Mwenye shaka na aiweke 3 mahali pa kitu: mali itakuwa 9, vitu kumi vitakuwa 30, na jumla 39. Akiweka 4 atapata 16 na 40, nazo ni 56; basi hiyo si jawabu. Hivyo hesabu hujishuhudia yenyewe, wala haimtazami mtu cheo chake.

Sehemu kubwa ya kitabu aliifanya ya wasia na mirathi. Na faida yake tuione hapa kwetu. Tuseme Mwislamu wa Susuni, katika Tarime, amefariki. Madeni na wasia vimekwisha kutolewa, na warithi wake ni mke, mwana mmoja na binti mmoja. Urithi uliosalia tuuite kitu. Mke ana thumuni, yaani kitu kugawanywa kwa 8. Binti ana kitu kuzidishwa kwa 7 kisha kugawanywa kwa 24, na nduguye ana maradufu ya hayo. Weka ng'ombe 24 mahali pa kitu: mke 3, binti 7, mwana 14. Weka 48: mke 6, binti 14, mwana 28. Ng'ombe hubadilika, kanuni haibadiliki. Lakini agawaye kwa kukisia huenda akamdhulumu yatima pasi na kujua, na dhima ya mali ya yatima ni nzito mbele ya Mola.

Al-Khwarizmi alifariki karibu mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini huko Segovia, Uhispania. Kwa jina la kitabu Wazungu walipata neno aljebra, na kwa jina la mtungaji neno algorithimu, yaani kanuni ya kufanya hesabu hatua kwa hatua.

Basi, ewe kijana, usidhani kuwa hesabu ni elimu ya wageni. Ni amana ya wazee wako katika dini. Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Khwarizmi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.