Irving Langmuir na Mvua ya Mawe ya Kericho

Mkulima wa chai wa Kericho na Bomet huichelea mvua ya mawe, maana hupasua majani machanga kabla hayajachumwa. Silaha iliyowahi kujaribiwa dhidi yake ina asili katika maabara ya Irving Langmuir, mkemia Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1881.

Langmuir, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alivutiwa mno na pale maada mbili zinapokutana. Katika miaka ya 1930, akiwa na Katharine Blodgett na Vincent Schaefer, alitandaza protini juu ya maji, akauhamishia utando huo, wenye unene wa molekuli moja, kwenye mabamba ya kioo na metali. Waliona kwamba protini iliyojikunja majini hukunjuka ifikapo usoni.

Uzeeni akageukia mawingu. Mwaka 1946 Schaefer alinyunyizia wingu barafu kavu, naye Bernard Vonnegut akagundua kuwa iodidi ya fedha huanzisha barafu. Langmuir alidai makubwa kuhusu mvua. Wataalamu wa hali ya hewa wakampinga, na naona walikuwa na haki.

Alifariki mwaka 1957. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege zilitawanya iodidi hiyo mawinguni Kericho, Bomet ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Mwaka 1982 ikachapishwa makala kwamba majani makavu chini ya michai ya Kenya hutoa chembe zinazoanzisha barafu. Miongoni mwa viumbe wenye uwezo huo ni bakteria wa majani aitwaye Pseudomonas syringae, ambaye huyagandisha maji kwa protini: uso wake huzipanga molekuli za maji kama zilivyo katika barafu.